Mdomo wa Mke wa Hudak

Ukifika Ostrander ukauliza habari za Emil Hudak, umuulize kinyozi au umuulize mchimba kaburi, utajibiwa jambo moja: "Aa, yule? Yule angefika ligi kuu, bwana. Aliponzwa na mdomo wa mkewe." Wakishasema hivyo wanatikisa kichwa na kuagiza bia nyingine. Basi mkewe ndiye mimi. Naitwa Vilma. Mdomo ninao mpaka leo, na leo nautumia.

Sisimulii ili mnionee huruma. Huruma ya watu wa mji huu naijua, huja na keki na kuondoka na umbea. Nataka jambo moja tu lijulikane kabla sijafa, nalo ni nani aliyeumaliza mkono wa Emil. Ni mimi kwa maneno yangu, au ni wao kwa kimya chao?

Emil alizaliwa kwenye nyumba za kampuni, kule juu karibu na mgodi, mtoto wa nne wa mzee Hudak aliyekuwa akikohoa makaa ya mawe mpaka mezani. Vijana wa kule walikuwa wakingoja tu umri ufike washuke shimoni kama baba zao. Emil yeye alikuwa na mkono. Sijui nilisemeje. Alikuwa mwembamba kama fito, masikio haya hapa, lakini akirusha mpira wa besiboli huuoni, unausikia tu ukitua kwenye glovu ya mdakaji. Babake alimchorea duara la chokaa kwenye mlango wa choo cha nje, na kila jioni aliyekuwa ndani alisikia pa! pa! akaanza kutukana. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu na huko aliko amfundishe adabu, alikuwa akisema mkono wa mwanawe ndio utakaowatoa wote kwenye makaa.

Klabu kubwa ilimsajili akiwa na miaka kumi na minane. Siku hizo mchezaji alitia saini mara moja tu maishani. Ukishatia, wewe ni wao kama ng'ombe aliyepigwa chapa. Wakitaka wanakupandisha ligi kuu, wakitaka wanakuacha kwenye ligi ndogo mpaka uote mvi, na timu nyingine hairuhusiwi hata kukusalimia. Hajakaa sawa, vita ikamchukua. Aliporudi alikuta vijana wapya wamejaa mbele yake, naye akapelekwa mwisho wa foleni.

Nikaolewa naye mwaka wa arobaini na nane. Wenzangu waliniambia nimeopoa nyota. Nyota gani? Nilikuwa naolewa na basi. Timu za ligi ndogo zinaishi kwenye basi, wanaume wazima wamekunjana kwenye viti, wanakula soseji baridi, wanacheza karata, wanafika mji fulani wa vumbi, wanacheza, wanapanda tena. Mimi nikibaki kwa mama mkwe nikimenya viazi na kusikiliza sifa za mwanawe. Baridi ikiingia Emil anarudi, anafanya kazi kiwanda cha nyaya mpaka theluji iyeyuke, kisha anaondoka tena. Kila mwaka aliniambia, "Mwakani, Vilma." Nami kila mwaka nilimjibu, "Haya."

Mwaka wa hamsini na mbili klabu kubwa ikamleta kuchezea timu ya hapa hapa nyumbani, Wachimbaji wa Ostrander. Mji ulifurahi utadhani ni harusi. Mimi nilihesabu tu kimoyomoyo: Emil ana miaka ishirini na saba, na mrushaji wa ligi ndogo mwenye miaka ishirini na saba ni mzee. Na lile nililoliona chumbani kwangu, mji haukuliona.

Kiwiko kilikuwa kimevimba. Usiku alikuwa anapaka ile dawa yao ya pilipili, shuka zinawasha mpaka mimi ninayelala pembeni napiga chafya. Asubuhi alifunga vifungo vya shati kwa mkono wa kushoto akidhani sioni. Akichana nywele, alikipeleka kichwa kwenye kitana badala ya kupeleka kitana kichwani. Nikimuuliza, ananiambia amelalia vibaya. Mtu analalia vibaya kuanzia Mei mpaka Agosti?

Ikafika Jumapili moja ya mwisho wa Agosti. Tumetoka kanisani, nimemmiminia kahawa, kikombe kikamponyoka kikaanguka mezani.

"Emil, kikombe kimekushinda."

"Kina moto."

"Mkono ndio una moto. Mwambie Rasmussen." Clyde Rasmussen alikuwa meneja wao, mtu wa kutafuna tumbaku na kutema karibu na viatu vya watu.

"Nimwambie nini?"

"Mwambie unaumwa! Una kinywa, huna?"

Akacheka, kicheko cha mtu anayemcheka mtoto. "Mke wangu, mrushaji akimwambia meneja mkono unauma hapewi daktari, anapewa tiketi ya basi. Leo anakuja mtu wa klabu kubwa. Wanataka mrushaji mmoja wa kuondoka naye. Mmoja, Vilma. Nikimkosa leo, mwakani mimi ni babu."

"Na ukiuvunja leo?"

"Usinitie mkosi asubuhi asubuhi!"

Akachukua begi lake kwa mkono wa kushoto akatoka. Mama mkwe aliyekuwa anakoroga kabichi jikoni akaniambia, "Mwanamke mwenye akili humwombea mumewe, hamchimbi."

Nikafunga leso yangu nikaenda uwanjani.

Sisi wake wa wachezaji tulikuwa na benchi letu, nyuma ya uzio wa waya, karibu kabisa na benchi la timu. Pembeni yangu alikaa Doreen Teague, mke wa Orrin, mdakaji anayeipokea mipira ya Emil. Doreen alikuwa mwema, mnene, mwenye hofu ya kila kitu. Yule mtu wa klabu kubwa alikaa juu kivulini na kofia yake ya ukili, anakula karanga. Nilimchukia nilipomwona.

Mechi ikaanza. Emil alirusha vizuri, lazima nikubali. Siku ile mpira wake haukuwa na kasi ya zamani, lakini ulikuwa na ujanja, ulikuja umenyooka kisha ukazama miguuni mwa mpigaji, naye akapiga hewa na kujizungusha. Raundi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hakuna aliyeupiga akafika kituo cha kwanza. Ya nne, ya tano, hakuna. Ndipo kimya kikaanza.

Kwa hawa watu wa besiboli kimya hicho ni dini. Mechi ina raundi tisa. Mrushaji akizimaliza zote na hakuna mpigaji hata mmoja aliyempiga, hiyo wanaiita mechi kavu, na warushaji wengi wanazeeka wasiionje. Sasa mrushaji akianza kuinusa, mwiko kuitaja. Si mwiko kuitaja tu, mwiko hata kumsemesha yeye. Akirudi kwenye benchi wenzake wanasogea, wanamwachia upande wake wote, kama mwenye ndui. Hakuna wa kumpa maji wala kumwambia pole au hongera. Ukisema neno, mkosi unaingia. Na ubao wa matokeo uko pale juu, una masifuri makubwa kama sahani, kila mtu anayaona na mrushaji mwenyewe anayaona, lakini wanaume wazima wanajifanya hawajui kusoma. Nami nilikuwa nacheka mambo hayo mpaka siku ile.

Raundi ya sita nikamwona Emil akisharusha anauacha mkono uning'inie kwanza, ndipo anaupandisha. Nikamgusa Doreen.

"Umeona mkono?"

"Sijaona kitu," akasema haraka. "Wala wewe hujaona. Nyamaza, shoga yangu, nakuomba."

Raundi ya saba akarusha mpira mmoja, akageuka nyuma, akainama kama anayefunga kamba za kiatu. Nilimwona uso. Ulikuwa mweupe kama unga. Orrin alisimama pale kwenye nafasi yake ya kudaka, akamtazama, akachuchumaa tena. Wenzake saba wengine uwanjani, kila mmoja alimwona. Rasmussen alikuwa anatazama bendera. Na Emil akainuka akaendelea, mpira sasa unakuja polepole, wapigaji wanauwahi mno kwa sababu hawakuutegemea, wanaupiga juu, unadakwa. Mungu anajua alivyofanya. Watu elfu mbili, na kilichosikika ni karanga zikipasuliwa.

Alipomaliza ya nane akaja kukaa. Sisi tulikuwa tunaongoza kwa moja kwa bila. Akakaa peke yake mwisho wa benchi, koti wamemtupia begani bila kumtazama, na nikauona mkono umelala juu ya paja, vidole vinacheza vyenyewe. Akainua kichwa. Akatazama kushoto, wote wakatazama viatu. Akamtazama Rasmussen, Rasmussen akatema tumbaku akageukia bendera. Mume wangu alikuwa anatafuta mtu, jamani. Mtu mmoja wa kumwambia, "Inatosha, ndugu yangu." Wanaume kumi na tano waliokula naye, waliolala naye kwenye basi, hakuna aliyefungua kinywa.

Nikainuka. Doreen akanishika sketi. "Vilma, usithubutu! Vilma, kwa jina la Bikira!" Nikamwachia kipande cha sketi. Nikaenda mpaka kwenye waya, nikaushika kwa mikono miwili.

"Emil Hudak! Toka! Mkono wako umekufa, kila mtu anaona! Achana na hiyo mechi kavu yenu, potelea mbali! Mimi nataka mume mwenye mkono!"

Loo! Ungedhani nimetukana katikati ya misa. Mzee mmoja alivua kofia. Mwanamke nyuma yangu akapiga ishara ya msalaba. Rasmussen akaruka, uso umemwiva, "Mtoeni huyu mama! Mtoeni, ametuua!" Maneno yake ya kwanza tangu raundi ya tano yalikuwa hayo. Na Emil alinitazama. Sikuyajua yale macho. Nilidhani ni hasira, na kwa miaka mingi niliamini hivyo.

Akavua koti akatoka kwenda kwenye kichuguu chake cha kurushia.

Mpigaji wa kwanza aliupiga mpira wa kwanza ukagonga ukuta wa mbali. Wa pili naye akaupiga. Emil akarusha tena, safari hii mpira ukaanguka katikati ya njia ukabingirika kama chungwa, naye akapiga magoti, amekishika kiwiko. Wakamtoa. Tukafungwa mbili kwa moja. Yule wa kofia ya ukili akakung'uta maganda ya karanga, akashuka, akaondoka na Del Pruitt, mrushaji kijana wa miaka ishirini aliyeshinda benchi mchana kutwa.

Pale getini mtu mmoja alinipigia makofi. "Hongera, mama! Umemaliza kazi!" Mwingine akanitemea karibu na kiatu. Doreen alipita amevaa miwani ya jua, hakunisalimia, wala hakunisalimia tena mpaka alipofariki.

Emil akatoka, koti limetundikwa begani.

"Unauma?" nikamuuliza.

"Twende nyumbani."

"Emil, nilikuwa naona unavyo—"

"Nimesema twende."

Masika yaliyofuata hakuweza kurusha mpira ukafika. Klabu ikamwacha. Huyo ndiye Emil Hudak mchezaji, habari yake imeisha hapo, hakuna zaidi. Kilichobaki ni maneno. Watu wa Ostrander walikaa wakayapanga wenyewe. Walisema, sikilizeni, mkono ulikuwa mzima, na ushahidi huu hapa: raundi nane hakuna aliyempiga. Mkono mbovu unaweza hivyo? Ila mkewe alipomkemea hadharani alishtuka, akarusha kwa hofu, ukakatika. Nami ningewajibu vizuri tu, ningesema mkono ulikuwa unakufa tangu Mei, isipokuwa mtu mmoja alishasema. Kwenye baa ya Kubek walimuuliza mwenyewe.

"Ulikatika lini, Emil? Sema kweli."

Akanywa, akasema, "Raundi ya tisa. Nilishtuka."

Shemeji yangu alikuwepo, akanibebea maneno hayo mpaka jikoni kwangu hata kabla Emil hajarudi. Nilimsubiri. Nikamuuliza, ni kweli? Akavua kofia akaniambia, "Ndiyo. Ulinishtua." Basi. Nikakaa kwenye kiti. Kama mwenye mkono anasema hivyo, mimi ni nani wa kubisha? Siri ya mtungi aijuaye kata. Nilikuwa nimetaka kumwokoa, na hapa mwenyewe ananiambia ndiye mimi niliyemmaliza.

Jamani, mnajua kuishi na neno kama hilo? Mama mkwe aliniimbia kila siku alipokaa mezani, "Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi," mpaka tulipomzika. Dukani nikiingia wanawake wanakatisha mazungumzo, na mmoja anasema, "Shh, tusije tukashtuliwa." Binti yetu Ludmila alirudi shuleni siku moja akaniuliza, "Mama, ni kweli ulimvunja baba mkono?" Nikamwambia, "Kula." Ningemwambia nini?

Emil alirudi kiwanda cha nyaya, wakampa kazi ya kufagia kwa sababu ndiyo aliyoweza kuifanya kwa kushoto. Lakini baa ya Kubek hakulipa bia. Kila mgeni akija analetwa, "Huyu ndiye Emil Hudak. Mpe bia akusimulie." Na Emil anasimulia, masifuri ya ubaoni, kimya, kisha mkewe. Wanacheka, wanampigapiga mgongoni. Mgongo wake ulikuwa haujui shida. Nami nyumbani nikawa mtu wa kimya. Mimi Vilma! Nilimkatia nyama, nilimfunga viatu, nilimpigia pasi mashati ya kwenda kunisengenyea, na sikumjibu hata neno, kwa kuwa niliamini nina deni kwake lisilolipika. Ujana wangu wote ulikwenda hivyo. Nilikuwa mwanamke mcheshi, niulizeni, kama yupo aliye hai wa kukumbuka.

Mwaka wa sabini na tisa wazima moto wakaamua kutundika picha yake kwenye ukumbi wao. Kutakuwa na chakula cha mchana, Jumapili kabla ya Pasaka, wachezaji wa zamani waje, Emil aseme maneno machache. Yeye wakati huo mapafu yalikuwa yamekwisha kwa vumbi la kiwandani na sigara. Asubuhi ile nilimkalisha jikoni nikawa namnyoa. Mkono wake ulikuwa haupandi kupita kifua. Nimempaka sabuni, nimemaliza shavu moja, wembe nimeuweka hapa chini ya taya, akasema:

"Haikuwa raundi ya tisa."

"Usiongee, nitakukata."

"Ilikuwa ya saba, Vilma. Pale nilipoinama. Nilisikia kitu kimekatika ndani, ta! Kama uzi wa kifungo. Wewe ulikuwa bado hujasema neno."

Wembe ukasimama. Sikuuondoa. Nilihisi damu yake ikipiga pale chini ya ngozi.

"Rudia."

"Ya saba. Mpira uliofuata nilirusha kwa bega tu. Nilikuwa nimekwisha."

"Na ulipokuwa umekaa pale mwisho wa benchi, unatazama watu?"

"Nilikuwa naomba mmoja aniambie nitoke." Akameza mate, nikauona wembe ukipanda na kushuka. "Ukaniambia wewe."

Nilimuuliza mbona leo. Nilitegemea aniambie kwamba ananipenda, au kwamba ameona haya. Akasema, "Padri amekataa kuniondolea dhambi mpaka nikwambie." Haya! Hata ukweli wangu nimeletewa kwa amri ya padri.

"Kwa nini ulisema ya tisa, Emil?"

Alifikiri kweli kweli, sabuni inamkaukia usoni. "Ningesema ya saba, watu wangesema Emil ni mjinga, mkono umekatika bado anarusha. Au wangesema mkono wake haukuwa wa ligi kuu. Hivi wananipa pole. Watu walinipenda, Vilma."

"Na mimi?"

"Wewe ulikuwa mke wangu," akasema. "Ungekwenda wapi?"

Sijui niliutoaje ule wembe shingoni kwake bila damu. Labda ni mazoea. Nikamalizia shavu la pili, nikamfuta uso kwa kitambaa cha moto, nguvu kidogo kuliko inavyotakiwa, naye akalalamika.

"Leo utasema," nikamwambia. "Mbele yao wote. Kwa kinywa chako. Utasema ya saba."

"Nitasema."

"Apa."

"Naapa, Vilma. Si nimeshakwambia nitasema?"

Nikavaa gauni langu la bluu. Mnisamehe kwa kusema hivi, lakini nilijisikia kama bibi harusi. Nilijitazama kwenye kioo nikajiambia, leo Vilma Hudak anaingia ukumbini kama mwanamke wa mkosi, na anatoka kama mtu.

Ukumbi ulijaa. Kuku, viazi, kabichi na soseji, mapipa ya bia. Picha ya Emil ukutani, mkono umenyanyuka juu, miaka ishirini na saba, masikio haya hapa. Orrin Teague alikuja na fimbo, mjane sasa. Rasmussen alishakufa. Padri alikaa meza ya mbele. Emil akapewa kipaza sauti, akashukuru, akawataja wenzake, akataja basi lililoharibika kule milimani, watu wakacheka. Kisha akasema, "Sasa, kuhusu ile siku," akanitazama. Nikamwitikia kwa kichwa kumpa moyo.

Ndipo mtu wa nyuma akapaza sauti, "Tusimulie, Emil! Tusimulie mama alivyofungua mdomo!" Wengine wakagonga meza. "Raundi ya tisa! Raundi ya tisa!" Wanagonga na wanacheka, kwa mapenzi kabisa, hawana ubaya wowote, wanataka hadithi yao.

Niliona akiyumba. Niliona, kwa sababu namjua. Akawatazama, nyuso zote zile zimemwelekea yeye, bia zimeinuliwa. Akalainika uso.

"Basi," akasema, "raundi ya tisa..."

Na akasimulia yote, vizuri kuliko siku zote. Aliigiza hata sauti yangu. Padri aliinamisha kichwa kwenye sahani yake. Ya kitubio hayatajwi, hata naye alikuwa na kimya chake. Nikainuka. Kiti kikaanguka nyuma yangu.

"Ilikuwa raundi ya saba!" nikasema. "Amekiri mwenyewe leo asubuhi! Mkono ulikatika raundi ya saba, nilikuwa sijasema kitu! Orrin, wewe ulikuwa mdakaji, ulimwona alivyoinama. Sema!"

Orrin akatazama fimbo yake. Mtu akasema, "Kaa chini, Vilma, usije ukatuharibia na hii!" na nyumba nzima ikaangua kicheko. Watu walifuta machozi. Mmoja aliniinulia bilauri yake. Nikamtazama Emil. Alikuwa ameshika kipaza sauti kwa kushoto, mapafu yanamkoroma, anacheka pamoja nao.

Ilipofika saa tisa wakatupakia kuku waliobaki. Nyumbani nilimvua koti, maana kwa mkono ule mwenyewe hawezi. Akaniambia asante.